Kasuku wa Bi Zuwena na Sababu ya Kuchelewa Kwangu

Bagamoyo, nyumbani kwa Bi Zuwena binti Seif

Dada yangu Mwanaidi,

Nashika miguu yako nikiwa huku mbali, na naomba barua hii ikukute umeketi mahali penye kivuli, maana ni ndefu, na ukiisoma umesimama mguu wako utavimba tena. Unaendeleaje huo mguu? Kifua cha shemeji kimepoa? Na mwanangu Kibibi, hiyo mimba yake imekaaje? Ameanza kulala kwa ubavu kama nilivyomwagiza, au bado anashindana na wakubwa? Niandikie hata yale unayoyaona madogo. Mimi kwa mwili ni mzima, nakula na kulala. Kwa roho nimechoka, na aliyenichosha ni ndege.

Barua yako ya hasira nimeipata. Umeniuliza kama nimeolewa kwa siri, kama nimelogwa, na ni kazi gani ya sindano isiyokwisha mpaka mwezi huu wa nane. Sikuolewa. Nani atanioa, nami nashinda ndani na mavi ya kasuku begani? Kulogwa sidhani, ingawa mpishi wa nyumba hii anasema yawezekana. Na kazi ya sindano ilikwisha zamani. Ngoja nikueleze taratibu, kisha ukitaka kunigombeza, unigombeze ukiwa unajua.

Nilikuja huku, unakumbuka, kwa miezi mitatu. Bi Zuwena alitaka mshonaji wa kumshonea suruali za marinda na nguo nyingine za kuvaa atakapotoka edani. Mumewe, Sheikh Nasor, alikuwa mfanyabiashara wa pembe. Alikwenda bara akakaa huko miaka miwili, na wakati wa kurudi akafariki njiani, siku chache kabla ya kufika Tabora. Msafara ulipoingia Bagamoyo, kiongozi wake alikuja hapa na sanduku la nguo, upanga, tasbihi, na kasuku aliyefungwa mguu kwa ugwe. Akamwambia mjane kwamba marehemu alikaa na ndege huyo tangu Ujiji, na kwamba ndege anasema kwa sauti ya marehemu kabisa, hata wapagazi walikuwa wakigeuka wakidhani bwana amewaita.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifunga mimi hapa, dada. Kama yule kiongozi angenyamaza, ningekuwa nimekwisha kurudi Kilwa.

Bi Zuwena alimpa ndege jina la Amana. Akamnunulia kwa Mhindi tundu la shaba, la mviringo, lenye kilele kama kuba, zuri la kuangaliwa, akalitundika katika chumba alichokalia eda, ambacho ndicho nilichopewa nishonee. Siku ya kwanza nilipomwona yule ndege nilidhani ni kuku aliyenyonyolewa nusu. Mgongo wake wa kijivu, mkia mwekundu kama kitambaa cha bendera, lakini kifua kitupu, ngozi tupu, na hapohapo mbele yangu akainamisha shingo, akang'oa unyoya mwingine, akaudondosha juu ya hariri yangu.

Wala hakusema neno. Mjane alikuwa akiketi mbele ya tundu kutwa, akimbembeleza: sema Amana, sema Zuwena. Akimpa halwa kwa kidole, na kahawa katika kikombe kidogo, kwa kuwa marehemu alipenda halwa na kahawa. Chini ya tundu kikifuka chetezo cha udi asubuhi na jioni. Ndege akipiga chafya, anaharisha, anajinyonyoa, na jua likichomoza na likizama anapiga kelele za kupasua masikio. Hizo ndizo zilikuwa sauti zake. Majirani waliokuja kuhani kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja akasema apewe pilipili kali, itamfungua ulimi. Akapewa kumi. Akazila kama zabibu, akaangalia kama ziko nyingine. Mwingine akasema afunikwe siku tatu gizani. Mwingine akasema ni jini.

Mimi nilivumilia mpaka siku aliyopitisha mdomo kati ya vyuma akavuta darizi ya suruali niliyoishona siku tisa, akaikata nyuzi moja moja kana kwamba amelipwa. Nikasema kwa ukali: bibi, ndege huyu si mkaidi, ni mgonjwa, na mnazidi kumuua. Mdomo wangu unaujua. Bi Zuwena akasema, basi mtibu wewe.

Nikamwambia mimi ni mshonaji. Akasema, umesema unajua kinachomuua. Basi ikawa hivyo.

Sikujua kitu, dada. Nilijua kuku wa mama, basi. Lakini kuku naye ana mdomo, ana manyoya, ana utumbo, nikaanzia hapo. Kwanza niliangalia lile tundu zuri, nikakuta kwenye viungo vya shaba kuna kutu ya kijani, na ndege kutwa anaviramba na kuvitafuna. Nikasema hii ni sumu. Nikamwendea seremala mmoja karibu na soko, nikamwagiza tundu la miti migumu, refu na pana, ndege aweze kukunjua mbawa zote mbili bila kugusa popote. Seremala akacheka, akaniuliza kama ni tundu la kasuku au la mbuzi. Nikamwambia apime mbawa zake mwenyewe kwanza. Amana alilitafuna tundu lile likabomoka ndani ya wiki mbili, akatoka, akaonekana juu ya kabati anatafuna Kurani ya kale ya marehemu, jalada lake. Hapo nilitamani kumfunga kitambaa mdomoni. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kutafuna kwake ni kama kupumua. Ukimnyima kitu cha kutafuna, atatafuna nyumba, na nyumba ikimshinda atajitafuna mwenyewe. Seremala akalifanya upya lile tundu, nami nikawa nampa vifuu vya nazi, vijiti vibichi vya mpera, na ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni Mbegani, ambao anaukwangua mpaka mdomo wake ukapungua urefu.

Udi niliuondoa chumbani kwa ugomvi. Bi Zuwena alisema nyumba ya wafiwa haiwezi kukaa bila udi. Nikamwambia auchome barazani, sisi tutaunusa na ndege asiunuse. Chafya zikakoma siku ya nne. Halwa na kahawa nilizikatisha kwa ugomvi mwingine mkubwa zaidi. Nikaanza kumpa mahindi ya kuchemsha, mbaazi, mchicha, kipande cha papai. Siku mbili za kwanza alivitupa vyote sakafuni, kimoja kimoja, huku akinitazama usoni kuona kama nimeona. Nilimwona. Siku ya tatu nilikaa mbele yake nikala mimi yale mahindi, sikumpa hata punje. Akanyoosha shingo. Tangu siku hiyo hali kitu mpaka mtu ale mbele yake kwanza, na mimi, dada, sasa naichukia mbaazi.

Kuhusu kujinyonyoa, nilimpekua nikakuta utitiri umejificha kwenye nyufa za kijiti anachosimamia. Tukamwaga maji yanayochemka tunduni, tukabadilisha vijiti, tukapaka majivu kwenye pembe. Utitiri ukaisha lakini akaendelea kujinyonyoa, ila kidogo. Nikafikiri, ngozi yake ni kavu, alikotoka kuna misitu na mvua. Nikachukua mrashi wa fedha wa Bi Zuwena, ule wa kunyunyizia wageni marashi, nikautia maji safi nikamnyunyizia. Alipiga kelele kana kwamba namchinja, kisha akafungua mbawa, akainama, akaomba mengine. Bi Zuwena aliona mrashi wake wa harusi unamwogesha ndege akafunika uso. Sikujua kama anacheka au analia.

Lakini usidhani nilipatia kila kitu. Kucha zake zilikuwa zimekua mpaka zimepinda, nikajifanya fundi, nikazikata kwa mkasi wangu wa hariri. Ya kwanza salama. Ya pili nilikata ndani mno, damu ikatoka kwa wingi. Ndege alinyamaza kimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Nilikandamiza unga wa muhogo penye damu, nikakaa nimemshika kwenye kanga mpaka ikaganda. Kovu la aliponiuma lipo katikati ya kidole gumba na shahada, utaliona. Siku hizo zote nilikuwa nikijiuliza, mwanangu ana mimba changa, nami nimekuja huku kufanya nini.

Eda ikaisha, nguo zikaisha, na ndege bado hajasema. Hapo akaingia Sheikh Hamed, ndugu wa marehemu. Yeye ni mtu mwema, lakini akitaka jambo hulitaka leo. Akasema ndege wa namna hii ulimi wake huwa mzito, lazima ukwanguliwe, na yuko mtu anayejua kazi hiyo. Asubuhi moja akaja naye, mwanamume mnene mwenye mkoba wa ngozi, akaketi ukumbini, akatoa wembe na kuunoa kwenye kiganja. Bi Zuwena alikuwa nyuma ya pazia nami nilikuwa naye. Aliponyanyuka kwenda kulichukua tundu, nikasimama mlangoni.

Nikamwambia, "Bibi, mimi nimeshika huo mdomo kila siku kwa miezi mitano. Ulimi wake mzima. Anaupitisha kwenye mbaazi akitoa ganda bila kuumega moyo wake. Ulimi unaofanya vile hauna uzito wowote."

Akasema, "Mbona basi hasemi?"

"Sijui. Lakini ukimkata hatasema kamwe, na safari hii tutajua kwa nini."

Mwenye wembe akakohoa upande wa pili wa pazia, akauliza kama ndege yuko tayari. Bi Zuwena akajibu kwa sauti ya wenye nyumba kwamba ndege amelala, na yeye apewe kahawa aende zake. Sheikh Hamed aliondoka amekasirika.

Lakini swali la Bi Zuwena lilinibana. Nikaona anayeweza kulijibu ni mtu aliyemjua ndege huyu kabla ya tundu. Mpishi akaniambia kwamba mwanamke aliyekuwa akimpikia marehemu safarini, Mama Chausiku, amebaki pwani, amepata shamba la muhogo Zinga. Nikapanda punda na mke wa jirani aliyekuwa anakwenda huko, nikafika mchana, jua limenichoma mpaka utosini. Nikamkuta analima. Mwanamke mrefu, amekauka, haongei ovyo. Nilipomtajia kasuku aliweka jembe chini.

Alinieleza kwamba ndege yule hakuwahi kukaa tunduni hata siku moja. Mchana alisafiri begani kwa mtu au juu ya mzigo, usiku alilala juu ya mti wa hema kichwani kwa bwana. Alikula chikichi, yale matunda mekundu ya mawese, na alikula na watu, mkononi. Aliamka na msafara na kulala na msafara, hakuwahi kubaki peke yake. Nilipomuuliza kuhusu maneno, alishika tena jembe, akasema tu kwamba tusimlazimishe, yaliyomo yatatoka yenyewe. Akanipa kikapu cha muhogo, akanisindikiza mpaka njia kuu.

Niliporudi nikaufungua mlango wa tundu na sikuufunga tena mchana. Nikamzoesha Bi Zuwena kukaa naye bila kumwomba kitu, amchukue mkononi, ale naye, amwache begani akipanga nguo. Jioni tukawa tunalifunika tundu kwa kaniki mapema, alale usiku mzima asisumbuliwe. Na kelele zake za alfajiri tukaacha kuzijibu, kwa maana tulikuwa tukikimbilia kumnyamazisha na yeye alikuwa anajua kwamba akipiga kelele tutakuja. Mwezi mmoja hivyo. Chikichi zilipatikana kwa shida, lakini zilipatikana. Manyoya yakaanza kuota kifuani, mabichi, kama miiba midogo.

Hapo, dada, nikaona nimemaliza. Nikafunga mizigo, nikamtafuta nahodha. Ile barua niliyokuandikia kwamba nakuja niliiandika siku hiyo. Nilikuwa sijasema uongo. Siku ile ile nilipofunga sanduku langu, Amana akaacha kula. Siku ya pili akang'oa manyoya mapya yote. Nilimtukana yule ndege matusi ambayo baba angenichapa kwayo. Alasiri Bi Zuwena akaja chumbani kwangu mwenyewe, hakumtuma mtu, akaketi sakafuni karibu na sanduku, yeye binti Seif.

Akasema, "Mwanakombo, najua una mwana. Sitakuzuia. Lakini mume wangu aliondoka na sauti niliyoijua, na kaburi lake sitaliona. Ndege huyu akifa, sitaisikia tena."

Ningefanya nini, dada? Wewe ungefanya nini? Nikafungua sanduku. Nahodha akaondoka, nami sikuwa na uso wa kukuandikia.

Nilianza upya, safari hii nikimzoesha ndege kwa Bi Zuwena na si kwangu. Nikawa naondoka chumbani kidogo kidogo, saa moja, kisha asubuhi nzima, kisha kutwa, nikikaa jikoni na mpishi nikisikiliza jinsi kasuku anavyoniita kwa mluzi. Mpaka akaacha kuniita. Niliudhika alipoacha, ujue hivyo. Manyoya yakaota tena yote.

Kisha akasema. Ilikuwa asubuhi, mimi natunga uzi, Bi Zuwena anasoma nyiradi zake. Amana alikuwa juu ya mlango wa tundu, akajikung'uta, akavimba, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, kikavu, kirefu, kinachoanzia chini ya mbavu, kikakatika katikati kutafuta pumzi, kikaanza tena. Mwisho pakatoka mguno, na sauti ya mwanamume, imechoka, ikasema, "Maji."

Bi Zuwena alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuwa na kata mkononi, maji yanamwagika kwenye mkeka, anautazama mlango. Ilichukua muda kabla hajageuka kumwona ndege.

"Ndiye," akasema. "Hata akiamka usingizini alikuwa akiguna hivyo."

Hakulia. Aliketi na ile kata mapajani. Baadaye akaniuliza, "Mtu anakohoa muda gani mpaka ndege anajifunza?"

Nilikuwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Miezi saba nimemsafisha, nimemlisha, nimemwogesha, nimeumwa mpaka mfupa, nimemwacha mwanangu, ili siku atakapopona amletee mwanamke huyu kifo cha mumewe sebuleni, kila siku, kabla ya uji. Maana alikohoa kesho yake, na kesho kutwa. Mengine pia aliyasema, inueni mizigo, haya twende, na alilia kama mbuzi. Jina la Zuwena hakulitaja hata mara moja.

Nikampelekea habari Mama Chausiku, naye akaja kutoka Zinga kwa miguu, amebeba kichala cha chikichi kichwani. Bi Zuwena alimkaribisha mkekani na kumuuliza lile moja tu, kama marehemu hakuwahi kumtaja. Mama Chausiku akafikiri, akasema, "Bibi, mtu haiti jina la mkewe mbele ya wapagazi. Ndege alisikia yaliyosemwa kwa sauti. Mengine bwana alikuwa nayo." Kisha akamwambia yote, jinsi kikohozi kilivyoanza, nani alimshika kichwa, walimwelekezaje kibla. Nilitoka nikawaachia chumba.

Siku ya pili yake Bi Zuwena akaniuliza kama kasuku husahau. Nikamwambia sidhani, lakini kelele zile za alfajiri zilipungua tulipoacha kuzijibu. Labda na hili ni hivyo. Akikohoa asijibiwe na mtu, asitazamwe, maji yasiletwe. Akisema mengine, apewe karanga na aongeleshwe. Kwangu mimi na kwa mpishi ilikuwa rahisi. Kwake yeye, dada, kila ndege alipokohoa aliinuka. Alijua, na aliinuka. Siku moja alijifunga kwa ncha ya ukaya wake, kitambaa cha kichwani, kwenye mguu wa kitanda ili umkumbushe, akainuka na ukaya ukachanika. Mimi ndiye niliyeushona.

Basi sasa unajua. Nimekwisha kukubaliana na nahodha, na safari hii sanduku langu nimelifunga mbele ya Amana nikiimba, naye anakula kama kawaida. Barua hii inatangulia kwa chombo cha kesho, nami nitafuata baada ya siku kumi, nikimaliza kumwonyesha Bi Zuwena jinsi ya kukata kucha bila kufika penye damu.

Nisalimie shemeji sana. Mnisalimie mama mkwe wa Kibibi, na mwambie asimpe mwanangu dawa yoyote ya mizizi mpaka nifike. Mwalimu wetu wa chuo nampa mkono wa heshima, na kama ataona herufi zimepinda, ni mkono huu ulioumwa. Na shoga yangu wa nyumba ya tatu, mwenye kusuka mikeka, mwambie ukindu mwekundu nimeupata.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna la leo asubuhi. Nilikuwa naandika barua hii hii, Bi Zuwena anachambua mchele kwenye ungo, Amana yuko begani kwake. Akakohoa, kile kirefu. Akaguna, akaomba maji. Nikaona mkono wa Bi Zuwena umesimama juu ya mchele, vidole wazi. Sikuthubutu kuinua kalamu. Ndege akaomba maji mara ya pili. Kisha ule mkono ukashuka, ukaokota jiwe dogo kwenye ungo, ukalitupa, ukaendelea. Amana akajikung'uta, akauliza kwa sauti yangu mimi, kali kabisa, "Nani amekata uzi huu?"

Bi Zuwena akampa karanga.

Mdogo wako asiyeacha kukuwaza,
Mwanakombo